Fundi Redio na Chumba cha Utulivu

Kwenye karakana ya chuo kikuu, fundi seremala alikuwa akiitwa Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Akipiga randa, anaongea. Akipima ubao, anaongea. Hata akibana misumari minne midomoni, maneno yalipata njia ya kupenya pembeni. Mtu aliyekuja kufuata kiti chake kilichovunjika mguu aliondoka na kiti, pamoja na habari za mbao zilizokunywa mvua, habari za mkuu wa chuo wa zamani aliyeogopa ngazi, na habari za jukwaa la mahafali ambalo Redio aliwahi kulisimamisha kwa siku mbili peke yake. Watu walimpenda. Walimkwepa pale tu walipokuwa na haraka.

Basi siku ile mshauri wa wanafunzi alipoingia karakana na karatasi yenye mistari ya mraba, akasema anatafuta fundi wa kumtengenezea chumba cha utulivu, fundi bomba aliyekuwa amekalia ndoo akinywa chai alicheka mpaka chai ikampalia.

"Dada, umekosea mlango," alisema akijifuta. "Huyu bwana hata usingizini anasoma taarifa ya habari."

"Achana naye, Mshauri," Redio akasema. "Yeye mabomba yake yanavuja kuliko mdomo wangu. Chumba cha nini?"

Mshauri alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu bapa na sauti ya chini, sauti ambayo ilibidi uzime msumeno wa umeme ndipo uisikie. Redio akauzima. Akaelezwa kwamba muhula huu na ule uliopita wanafunzi walikuwa wanajaa kwenye korido ya ofisi yake tangu asubuhi, naye ana viti vitatu tu vya kungojea.

"Wengine hawana hata cha kuniambia," alisema. "Wanataka mahali pa kukaa. Hosteli wanalala wanne chumba kimoja. Kantini ni kelele. Maktaba ukikaa bila kitabu unajiona kama mwizi. Chuo kimetupa ile stoo ya nyuma ya maktaba. Nataka iwe tayari kabla ya mitihani, wiki sita zijazo."

"Unataka viti vya namna gani? Vya uvivu? Vya kanisani? Maana kuna viti vya kumkalisha mtu na kuna viti vya kumfukuza, mimi nilishawahi..."

"Sijui bado," Mshauri akamkatiza kwa upole. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Una miaka ishirini na miwili hapa. Unawajua wanafunzi kuliko sisi."

Fundi bomba akangoja jibu, kikombe mkononi. Redio alichukua ile karatasi, akaiangalia, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nitaenda kupaona," alisema, akawasha msumeno.

Ukweli ni kwamba kati ya wanafunzi wote waliopita pale kwa miaka ishirini na miwili, Redio alidhani anamjua mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa ameondoka.

Alikuwa binti yake, kitinda mimba, aliyezaliwa baada ya wavulana wawili ambao shule iliwatema mapema. Huyu alipasua mitihani. Akapata nafasi ya kusomea udaktari, tena chuo hikihiki anachofanyia kazi baba yake. Kila siku saa saba mchana alikuja karakana, koti lake jeupe limekunjwa mkononi, akapanda juu ya rundo la mbao lililokuwa karibu na dirisha, akafungua chakula alichofungiwa na mama yake. Redio alikuwa anajisikia kama mtu aliyewekewa taa kifuani. Hakuweza kuificha. Aingie dereva, aingie mfagizi, aingie mhadhiri na droo yake iliyokwama, wote walipokelewa kwa maneno yaleyale: "Mnamwona huyu? Huyu ndiye daktari wangu! Bado miaka minne tu, mtakuja kupanga foleni hapa." Wakati mwingine alimwita mlinzi wa getini aonyeshe goti lake. "Hebu mwambie mzee huyu goti lina nini." Binti alitabasamu, macho yake kwenye chakula.

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya mitihani, binti aliondoka na begi moja. Alimtumia mama yake ujumbe kwamba yuko kwa rafiki yake, mji ulio mbali, safari ya saa kadhaa kwa basi, na kwamba darasani harudi tena. Redio alipompata kwenye simu alisema kwa nusu saa bila kituo. Mengi ya aliyoyasema aliyasahau. Sentensi moja haikumtoka: "Umenivua nguo mbele za watu."

"Samahani, baba," binti alisema, na simu ikakatika.

Ilikuwa miaka mitatu sasa. Binti alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miche. Kila Jumapili jioni alimpigia mama yake, na mwisho wa maongezi simu ilipitishwa kwa baba. Shikamoo. Marahaba, mwanangu. Hujambo huko? Sijambo. Kisha pakatokea kimya kidogo, na Redio, ambaye kimya kilimtisha kama shimo, alikifukia upesi kwa chochote kilichokuwa karibu: bati lililoinuka, wajukuu, ugomvi wa majirani, fundi bomba na vichekesho vyake. Aliendelea hivyo mpaka aliposikia, "Haya baba, nikuache upumzike."

Baada ya hapo alibaki na simu yenye joto mkononi, akigundua kwamba hakusikia kitu. Hakujua kama binti yake amekata nywele au amezifuga. Hakujua anaamkia chai au uji, wala kama ana mtu. Na kutojua huko kulikuwa kunamla. Mchana, akiwa peke yake, alijikuta ameacha kazi na kugeukia lile rundo la mbao. Hata hakuwa akiukumbuka sana uso wake. Alichokikumbuka ni ule mlio mdogo ubao wa juu uliokuwa ukitoa alipokuwa anaketi.

Siku ya pili alikwenda kuipokea ile stoo. Aliyekuwa na ufunguo ni mkutubi mkongwe, mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Maktaba. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na mlango wake ulilia kama mbuzi. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama uwanja wa nyuma, pale watunza bustani wanapokunja mipira yao ya maji. Ndani mlikuwa na kila takataka: viti visivyo na migongo, mafurushi ya magazeti, mashine ya chapa iliyoota kutu, na makabati mazito ya kadi za vitabu, ambayo hakuna aliyeyagusa tangu kompyuta zije.

Redio aliyasukuma makabati huku akimsimulia Mama Maktaba jinsi makabati ya zamani yalivyokuwa yanaunganishwa bila msumari hata mmoja. Alipolisogeza la tatu akakuta nyuma yake pamefagiliwa. Palikuwa na kadibodi iliyotandikwa sakafuni kama zulia, na kiti kimoja kilichogeuzwa kutazama dirisha. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umevunjika, na mtu alikuwa ameuunga kwa kipande cha mbao na kamba ya katani, mizunguko mingi isiyo na mpango.

Redio akaangua kicheko. "Ni nani huyu kakitesa kiti namna hii? Hii si kazi ya fundi, hii ni bandeji!"

Mama Maktaba hakucheka.

Redio akapiga goti. Akakitazama kile kipande cha mbao. Kilikuwa cha mkangazi, mwekundu, kimepigwa randa upande mmoja tu. Alikifahamu. Ni masalio ya meza ya kuhutubia ya ukumbi mkubwa, kazi aliyoifanya miaka minne iliyopita, na masalio yale hayakupata kutoka nje ya karakana yake.

"Binti yako," Mama Maktaba akasema.

"Binti yangu nini?"

"Alikuwa mpangaji wangu. Nilimpa ufunguo wa pili. Alikuwa anakuja saa saba na nusu."

"Saa saba alikuwa kwangu."

"Ndiyo. Akitoka kwako ndiyo anakuja hapa. Anakaa mpaka saa tisa, saa kumi. Vipindi vya mchana alikuwa ameshaviacha siku nyingi."

Redio aliinuka taratibu, akishika kabati. "Alikuwa anafanya nini?"

"Anakaa."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza. Nadhani ndiyo maana alikuwa anarudi."

"Na mimi, mama, mimi hukuona vyema kuniambia? Mwaka mzima?"

Mama Maktaba alimtazama kwa macho yasiyo na ubaya wowote. "Nikuambie saa ngapi, Redio? Nikipita pale kwako nilikuwa napata nafasi ya kusema habari za asubuhi tu."

Siku hiyo Redio alifunga karakana mapema. Kabla ya kuondoka alipitia ofisini kwa Mshauri, akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akamuuliza kama miaka ile binti yake aliwahi kukaa kwenye vile viti vitatu vya korido.

"Fundi, hata kama alikaa nisingekwambia," Mshauri alisema. "Na kama wewe ungekaa, yeye nisingemwambia. Ndivyo kazi hii ilivyo."

"Nimekuelewa."

"Lakini yeye yupo. Na simu ipo."

Nyumbani alimkuta mke wake barazani, ameinamia cherehani, pindo la gauni la mtu limemjaa mapajani. Alikaa kwenye kigoda karibu naye na kumweleza habari ya kiti. Cherehani ikasimama.

"Ulijua?" alimuuliza.

"Ya kiti sikuijua. Ya kufeli niliijua. Aliniambia tangu mwaka wa kwanza."

"Ukanificha!"

"Aliniomba, baba watoto. Alitaka akwambie mwenyewe. Alijaribu mara mbili." Mke wake alinyoosha vidole viwili vyenye alama za sindano. "Mara ya kwanza hapahapa barazani. Alianza tu kusema 'baba, masomo,' ukamkata kalima, ukamsimulia ulivyokuwa unatembea maili sita kwenda shule. Mara ya pili alikuja karakana na barua ya idara mkononi. Akakukuta na wageni. Ukamshika bega ukasema, daktari wangu huyo amekuja."

Redio hakukumbuka wageni hao. Walikuwa wengi mno. Akabaki kuitazama pedali ya cherehani, na mke wake, aliyeishi na ile sauti miaka thelathini na mmoja, akamwona kwa mara ya kwanza akitafuta neno asilipate. Hakumsaidia. Alimwekea mkono gotini tu, kisha akarudi kwenye pindo lake.

Kesho yake alienda stooni na kipande cha ubao ambacho alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa: MUULIZE. KISHA NYAMAZA. Alijijua. Bila maandishi angeishia kwenye habari za bati. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, ubao mbele yake, akapiga simu. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumpigia yeye mwenyewe.

"Baba?" Sauti ya binti ilikuwa na hofu. "Mama kafanyaje?"

"Mama hajambo. Wote wazima. Tuliza roho." Akausogeza ubao karibu. "Nina swali moja la kazi. Wanataka niwatengenezee wanafunzi chumba. Cha kukaa, kupumzika akili. Pale nyuma ya maktaba, kwenye stoo. Sasa nikasema nikuulize wewe. Ingekuwa chako, ungetaka kiweje?"

Kimya kikaja. Redio alihisi maneno yakipanda kooni, bati, wajukuu, mvua, yote yakigombea mlango. Akaubana ulimi kwa meno, macho kwenye ubao. Kule upande wa pili alisikia maji yakimwagwa kwenye majani, mtu akimwita mwenzake kwa mluzi, na pumzi za binti yake.

"Umekiona kiti," binti akasema hatimaye.

"Nimekiona."

"Nilikifunga vibaya."

"Vibaya sana," Redio alisema. "Ila kimebeba."

Akasikia kitu kama kicheko kidogo, au pua iliyovutwa, hakuweza kutofautisha. Kisha binti akaanza kusema, polepole, kama mtu anayetoa vitu kwenye sanduku.

"Viti visitazamane, baba. Mtu akikaa asilazimike kuonana na mwenzake. Na mlango usilie. Ule ulikuwa unalia, kila nikiingia najiona natangazwa." Akanyamaza tena, na Redio akangoja. "Pawe na mahali pa kuficha koti. Siyo kulitundika. Kulificha. Sikuwa nataka kuliona."

"Lile jeupe."

"Lile. Na asiwepo mtu wa kukuuliza unasoma nini."

Redio alikuwa anaandika yote nyuma ya ubao. "Kingine?"

"Kingine..." Maji yakaacha kumwagika. "Usifikiri nilikuwa sipendi kuja karakana. Nilikuwa napenda. Harufu ya maranda, na wewe ukigombana na mbao zako. Nilikuwa nangoja saa saba tangu asubuhi. Ila watu walikuwa wakiingia..."

"Nilikuwa najivuna."

"Nilikuwa naona unavyofurahi, baba. Uso wote unang'aa. Sasa ningeanzia wapi kukwambia?"

Redio alifumba macho. "Yale maneno niliyokwambia siku ile, mwanangu, yale ya..."

"Leo hapana, baba. Tafadhali."

"Basi. Leo hapana."

Walipoagana, alikaa pale sakafuni mpaka mwanga wa dirisha ukahama kutoka ukutani hadi miguuni pake.

Wiki zilizofuata watu wa maktaba walimshangaa. Alipiga msasa kwa mkono badala ya mashine, akaenda na mbao moja moja. Alitengeneza viti kumi na viwili vyenye migongo mirefu na mbavu za mbao pande zote mbili, kama masikio, vyote vikitazama dirisha au ukuta, visionane. Chini ya kila mguu aligundisha kipande cha zulia kuukuu ili kiti kikivutwa kisitoe sauti. Mlango aliufumua, akautia bawaba mpya tatu, akazipaka mafuta, akaufungua na kuufunga mara nyingi huku ameegemeza sikio. Karibu na mlango alijenga vijumba vya mbao vyenye vifuniko, virefu vya kutosha kumeza koti na mkoba. Mshauri alikuja siku moja akafungua kimoja, akauliza ni vya nini.

"Vya mtu kuweka asichotaka kukiona," Redio alisema, akaendelea na kazi. Mshauri akakifunga kifuniko taratibu, wala hakuuliza zaidi.

Taabu ilikuja wiki ya mwisho, na ililetwa na afisa utawala, bwana mmoja mwenye tai fupi na kalamu tatu mfukoni. Alikuja kukagua akiwa na watu wawili wa ofisini kwake. Fundi bomba alikuwepo, anafunga bomba la maji ya kunywa, na Mama Maktaba na Mshauri walikuwa wamesimama mlangoni. Afisa alisifia viti. Kisha akaonyesha ukuta wa kushoto: hapa pakae televisheni, ioneshe mawaidha ya afya. Akaonyesha mlango: hapa pawe na meza ndogo na daftari. Kila anayeingia aandike jina, namba ya usajili na kozi anayosoma.

"Ni lazima tujue nani anatumia," alisema. "Fundi, unaweza kupata meza hiyo kufikia Ijumaa?"

"Siwezi," Redio akasema.

"Jumatatu?"

"Mzee, meza hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nasema siitengenezi."

Fundi bomba akaacha kukaza koki. Afisa akamgeukia Redio, akangoja mafuriko ya maneno ambayo chuo kizima kiliyafahamu. Redio alijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa anatokwa jasho, na chumba kilikuwa na hewa nzuri.

"Nina binti," alisema. "Nyote mnamjua. Niliwachosha wote hapa kwa kuwaambia ni daktari wangu. Binti yangu siye daktari. Alifeli, akaogopa kuniambia, akawa anajificha humu humu ndani, nyuma ya makabati, mwaka mzima. Angekuta daftari mlangoni linamuuliza anasoma nini, angegeuka, na sijui angekwenda kukaa wapi." Akageukia viti vyake. "Ndiyo hivyo tu."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa. Watu wawili wa ofisini walikuwa wanaangalia viatu vyao. Fundi bomba, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameambiwa binti yuko likizo ndefu, alimsogelea rafiki yake akasimama ubavuni pake bila utani wowote.

Mshauri alimaliza lile jambo kwa sauti yake ya chini. Kama ofisi inataka idadi, yeye atahesabu vichwa kila siku na kuandika tarakimu, majina hapana. Afisa alisema atalifikiria. Alilifikiria mpaka Alhamisi, akakubali daftari lisiwepo, ila televisheni akaing'ang'ania. Ikafungwa ukutani kama alivyotaka. Siku ya pili yake Mama Maktaba akasema waya wake una hitilafu, na hakuna aliyemuuliza aliijuaje.

Ufunguzi ulipangwa Jumatano. Jumapili iliyotangulia, simu ilipomfikia, Redio alimwambia binti yake, "Ukipata nafasi, njoo ukione. Ukikosa, si kitu." Alijitahidi ile "si kitu" itoke nyepesi.

"Nitaangalia, baba."

Jumatano mkuu wa chuo alikata utepe, akatoa maneno machache, wakapiga picha. Redio alivaa shati la sikukuu. Alisimama nyuma kabisa, mahali ambapo angeweza kuona njia inayotoka getini. Kila alipoibuka msichana mrefu kwenye kona ya njia ile, moyo ulimruka, kisha msichana akasogea, akawa mtoto wa mtu mwingine. Basi la asubuhi kutoka mji ule lilifika saa nne. Saa sita watu walitawanyika. Alibaki pale mpaka saa nane, akijifanya anakagua fremu ya dirisha kwa nje, na watunza bustani walipomsalimia aliwajibu kwa neno mojamoja.

Hakuja.

Siku mbili za mwanzo chumba kilikaa kitupu. Wanafunzi walipita, wakachungulia, wakaenda zao. Siku ya tatu Redio aliingia kuweka kipande cha zulia kilichobanduka, akamkuta kijana mmoja kwenye kiti cha mwisho, amelala fofofo, kinywa wazi, viatu miguuni. Kwenye kiti cha pili kutoka dirishani palikuwa na msichana asiyefanya lolote. Hakuwa na kitabu wala simu. Alikuwa anatazama mipira ya maji nje. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali, kama maji ya bomba lisilofungwa vizuri. Kifuniko cha kijumba kimoja kilikuwa kimefungwa.

Redio alitaka kumuuliza, "Mwanangu, kulikoni?" Mdomo ulishafunguka. Akaufunga, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake bila neno.

Mshauri alikuwa akimpa tarakimu kila Ijumaa. Kumi na moja. Ishirini na sita. Wiki ya mitihani, mia moja na tisa. Redio alizipokea kwa kutikisa kichwa, na mara nyingi jioni, akifunga karakana, alijikuta anajiuliza ni nani kati ya hao mia moja na tisa ana baba anayejivuna mahali fulani.

Jumapili ya kwanza baada ya mitihani, mke wake alimpa simu akaingia ndani kupika. Redio alikaa barazani, kando ya cherehani iliyofunikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe sikuja siku ile. Nilikata tiketi kabisa. Nikafika stendi. Basi likaja, nikalitazama likajaa, likaondoka."

Redio alimwona akilini pale stendi, begi mkononi, na yeye siku ileile akilichungulia geti. "Ulirudi salama?" aliuliza.

"Nilirudi. Nilitembea mpaka kitaluni, nikafanya kazi mpaka jioni." Akasikika akivuta kiti. "Na likizo hii sitakuja, baba. Sijui lini. Nikisema nitakuja halafu nisije itakuwa mbaya zaidi."

"Sawa."

"Hukasiriki?"

"Nakukumbuka," Redio alisema. "Hasira sina. Nakukumbuka tu, kila siku, saa saba."

Upande wa pili hapakuwa na jibu. Zamani hapo ndipo angeanza na bati. Sasa aliegemeza kichwa ukutani akaiacha simu sikioni. Kwa mbali alisikia maisha ya binti yake yakiendelea: sufuria ikiwekwa chini, dirisha likivutwa, sauti ya mwanamke mwingine ikiuliza kitu na binti yake akijibu nje ya simu, "Baba yangu." Hakumjua mwanamke yule. Hakuuliza. Dakika ikapita, pengine mbili.

"Baba, bado upo?"

"Nipo."

"Unajua leo nimekata nywele," binti alisema. "Zote. Zilikuwa zinanisumbua nikiinama kwenye miche. Mwenzangu anasema nafanana na wewe sasa, amekuona kwenye picha. Tena wiki hii tuna kazi ngumu, tunahamisha miche kutoka kwenye vitalu kuingia kwenye mifuko, ile midogo kabisa, mizizi yake myembamba kama uzi wa mama, ukiishika vibaya tu..."

Redio akaihamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri zaidi, akasikiliza.